Kuwinda Mazimwi Peke Yako katika Old School RuneScape: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachezaji wa Dar es Salaam

Majibu haya yanahusu mchezo upi?

Yanahusu Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ulifunguliwa Februari 2013 kwa kufufua nakala ya RuneScape kama ilivyokuwa Agosti 2007, na tangu Oktoba 2018 unachezwa pia kwenye simu za Android na iPhone kwa akaunti ileile inayotumika kwenye kompyuta. Hauhitaji simu ya bei kubwa na hauli bando kama michezo mingi ya kisasa ya mapigano. Zaidi ya hayo, karibu kila kitu kinachoachwa na zimwi ndani yake kina bei katika soko la wachezaji, kwa hiyo mtu anayewinda peke yake anaweza kupima kazi yake kwa sarafu badala ya kukisia.

Kuna faida gani kuwinda peke yangu wakati wenzangu wanawinda kwa makundi?

Faida ya kwanza ni kwamba nyara zote ni zako. Kanuni ya kawaida ya mchezo huu humpa nyara mchezaji aliyemuumiza zimwi zaidi kuliko wengine, na kwa muda mfupi yeye peke yake ndiye anayeziona chini. Hivyo anayewinda sehemu isiyo na watu hashindani na mtu. Faida ya pili, ambayo kwa mkazi wa Dar es Salaam huenda ikawa kubwa kuliko ya kwanza, ni uhuru wa kuacha wakati wowote. Kundi linataka watu wote wawepo kwa saa nzima au zaidi bila kukatika, ilhali wengi wetu tunacheza vipande vipande: dakika 20 tukisubiri mwendokasi Kimara, nusu saa baada ya chakula cha usiku, kisha umeme unakatika na habari inaishia hapo.

Hasara ipo pia. Baadhi ya zawadi ghali zaidi zimewekwa mahali palipotengenezwa kwa ajili ya makundi, kama vile Theatre of Blood ambako kundi huwa na watu hadi 5, na mwindaji wa peke yake afadhali asizihesabu katika mipango yake ya mwaka wa kwanza.

Nitajuaje kama zimwi fulani linalipa?

Hili ndilo swali ambalo majibu mengine yote hapa yanalitegemea. Wachezaji wengi huuliza kitu ghali kuliko vyote ambacho zimwi linaweza kuacha ni kipi, nao huanza kuliwinda kwa sababu ya kitu hicho kimoja. Swali lenye manufaa ni jingine: mwisho wa saa moja, baada ya kuondoa gharama, begi litakuwa na thamani gani hata kama kitu ghali hakikutoka?

Tuchukue mfano wenye namba za kubuni. Tuseme unaua mazimwi 60 kwa saa, na kila moja huacha vitu vya kawaida, yaani mifupa, mawe ya uchawi yaitwayo rune, silaha za kati na sarafu, vyenye wastani wa sarafu 3,000. Hizo ni 180,000 kwa saa. Chakula na dawa ulizotumia ziligharimu 40,000, na soko litakata asilimia 2 ya mauzo, ambayo ni 3,600. Umebakiwa na 136,400. Hiyo ndiyo namba unayoweza kuitegemea, kwa sababu itajirudia kesho na keshokutwa kwa tofauti ndogo.

Sasa ongeza kitu adimu cha sarafu 2,000,000 kinachotoka mara 1 katika 512. Kwa wastani kila zimwi lina thamani ya ziada ya sarafu 3,906, na kwa mazimwi 60 hiyo ni takribani 234,000 kwa saa kabla ya kodi. Kwenye karatasi, kitu adimu kinazidi nyara zote za kawaida. Lakini fedha hiyo haiji kidogo kidogo. Inakuja yote kwa mkupuo au haiji kabisa. Baada ya saa 5, yaani mazimwi 300, takribani wachezaji 56 katika kila 100 watakuwa hawajakiona. Baada ya saa 30, yaani mazimwi 1,800, bado takribani 3 katika kila 100 watakuwa mikono mitupu. Mtu anayecheza saa moja kila usiku atafikisha saa hizo 30 kwa mwezi mzima, na kama nyara za kawaida hazikuweza kulipia chakula na dawa, mwezi huo ameumaliza akiwa maskini kuliko alivyouanza.

Kwa hiyo ushauri wa ukurasa huu ni kwamba uchague zimwi ambalo nyara zake za kawaida peke yake zinalipa gharama na kuacha faida, kisha kitu adimu kikitoka ukihesabu kama ziada. Mchezaji mwenye akiba kubwa anaweza kufanya kinyume, kwa kuwa akiba itambeba katika wiki kavu. Anayeanza hana akiba hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo mara nyingi husahaulika katika hesabu, nalo ni muda wa kwenda na kurudi benki. Begi lina nafasi 28 tu, na chakula hukaa humohumo. Ikiwa unawinda kwa dakika 12 kisha unatumia dakika 3 kuhifadhi mali na kurudi, sehemu moja ya tano ya kila saa imepotea njiani. Ndiyo maana zimwi lenye nyara nono lakini lililo mbali na benki huweza kushindwa na zimwi la wastani lililo jirani.

Nimeshaua zaidi ya 512 na sijapata kitu cha 1 kwa 512. Je, akaunti yangu ina kasoro?

Haina kasoro. Nafasi ya 1 kwa 512 haimaanishi kwamba mchezo unahesabu hadi 512 ndipo utoe. Kila zimwi linapokufa, bahati nasibu inachezwa upya bila kukumbuka yaliyopita. Ukiua 512, uwezekano wa kuwa umepata angalau kimoja ni takribani asilimia 63, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya wachezaji hufika hapo bila kitu. Ukiua 1,024 uwezekano hupanda hadi takribani asilimia 86, na ukiua 1,536 hufika asilimia 95. Aliyeua 1,000 bila kupata hana nafasi kubwa zaidi katika zimwi la 1,001 kuliko aliyeingia leo asubuhi. Imani kwamba “sasa kimekaribia” imewafanya wengi wakae usiku kucha kwa zimwi lisilowalipa, na imani nyingine, kwamba kuhama seva, yaani kwenda nakala nyingine ya ulimwengu wa mchezo, kunabadilisha bahati, haina msingi wowote.

Sijalipia uanachama. Nianzie wapi?

Anzia kwa ng'ombe wa Lumbridge, ambao ngozi zao hununuliwa na wanaojifunza ufundi, kisha mara tu uwezo wako wa mapigano unapokuwa wa kutosha uhamie kwa Hill Giants walio chini ya Edgeville. Hawa ni majitu ya kiwango cha 28, kila mmoja huacha mifupa mikubwa, na mara 1 katika 128 huacha ufunguo wa kuingilia kwa bosi, yaani zimwi kubwa lenye nguvu, aitwaye Obor. Ukitaka njia fupi ya kuwafikia, beba Brass key, ufunguo wa mlango unaoshukia kwao. Hatua inayofuata ni Moss Giants wa kiwango cha 42, ambao nao hutoa ufunguo wa kumfikia Bryophyta kwa nafasi ya 1 kwa 150. Mabosi wote wawili hupiganwa katika chumba chako peke yako, kwa hiyo ni shule nzuri ya kazi itakayofuata.

Usitarajie utajiri katika hatua hii. Maeneo ya bure hujaa watu, na pale Edgeville mara nyingi itakubidi uhame seva kadhaa kabla ya kupata kona isiyo na mwindaji mwingine.

Uanachama unalipwaje kutoka hapa?

Njia ya moja kwa moja ni kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kupitia huduma ya pesa ya simu, au malipo kupitia duka la programu la simu yako. Njia ya pili ni Bond, hati inayonunuliwa sokoni kwa sarafu za mchezo na kukupa siku 14 za uanachama. Hapa ndipo uwindaji unapokuwa na maana ya dhahiri, kwa sababu gawio la bei ya Bond kwa siku 14 linakuambia ni sarafu ngapi unapaswa kuingiza kila siku ili uendelee kucheza bila kutoa shilingi. Angalia bei ya siku hiyo kabla ya kupanga, kwani hubadilika. Fahamu pia kwamba Bond uliyoinunua kwa sarafu haiwezi kuuzwa tena mpaka ulipie ada, kwa hiyo usinunue kwa nia ya kulangua.

Slayer ina uhusiano gani na nyara?

Slayer ni ujuzi wa kupewa kazi ya kuua idadi fulani ya mazimwi wa aina moja na bwana maalumu, na mazimwi wengi wenye mali hawawezi kuguswa kabla hujafikia kiwango kinachotakiwa. Gargoyle huhitaji kiwango cha 75, Nechryael 80, na Abyssal Demon 85. Wote watatu wanapatikana katika Slayer Tower, jirani na Canifis. Ukiwa kwenye kazi uliyopewa na umevaa Black mask au Slayer helmet, usahihi na nguvu ya mapigo yako ya karibu huongezeka kwa sehemu moja ya sita, tofauti ambayo kwa saa moja huonekana wazi katika idadi ya mazimwi waliokufa.

Gargoyle ndiye ningempendekeza kwa mchezaji mmoja mwenye mtandao wa mashaka. Haendi mbio, hana mbinu za kushtukiza, na huacha silaha na deraya ambazo zinageuzwa sarafu palepale kwa uchawi, jambo litakalofafanuliwa hapa chini. Kumbuka kubeba Rock hammer, kwa sababu bila nyundo ya aina hiyo hafi hata afya yake ikibaki kidogo kabisa. Kitu chake kinachojulikana ni Granite maul kwa nafasi ya 1 kwa 256, lakini si hicho kinachomfanya alipe. Kinachomfanya alipe ni mrundo wa vitu vya kawaida. Abyssal Demon ni kinyume chake: sifa yake yote imejengwa juu ya Abyssal whip, 1 kwa 512, na siku ambayo mjeledi haukutoka mapato yake ni ya kawaida tu.

Ni lini nitumie High Level Alchemy badala ya kuuza sokoni?

Uchawi huu hufunguka katika kiwango cha 55 cha Magic na hugeuza kitu kuwa sarafu kwa asilimia 60 ya thamani yake rasmi. Kila mmoja hutumia Nature rune 1 na Fire rune 5, na huchukua sekunde 3, kwa hiyo kwa saa unaweza kuufanya hadi mara 1,200. Rune platebody, kwa mfano, daima hutoa sarafu 39,000. Linganisha namba hiyo, baada ya kuondoa bei ya Nature rune, na bei ya sokoni baada ya kuondoa kodi. Iliyo kubwa ndiyo njia yako.

Lakini kwa mwindaji wa peke yake kuna hesabu nyingine ambayo bei haionyeshi. Ukishika fimbo ya moto mkononi, huhitaji Fire rune kabisa, na Nature rune hata 500 hukaa katika nafasi moja ya begi. Maana yake ni kwamba deraya inayodondoka unaigeuza sarafu papo hapo, sarafu nazo hukaa katika nafasi moja, na begi halijai. Hata kama sokoni ungepata sarafu mia kadhaa zaidi, safari moja ya benki uliyoiepuka ina thamani kuliko tofauti hiyo.

Nibebe nini?

Beba chakula cha kutosha safari, si cha kujaza begi. Kamba wakubwa, yaani Lobster, hurudisha afya 12, Swordfish 14, na Shark 20. Chukua kile ambacho bei yake kwa kila pointi ya afya ni ndogo, isipokuwa kwa mabosi ambako nafasi ya begi ni adimu kuliko sarafu. Jitahidi ufike kiwango cha 43 cha Prayer kabla ya kuwinda kwa dhati, kwa kuwa hapo ndipo Protect from Melee, kinga dhidi ya mapigo ya karibu, inafunguka, baada ya kinga ya uchawi katika 37 na ya mishale katika 40. Dawa ya Prayer hurudisha pointi 7 pamoja na robo ya kiwango chako kwa kila dozi, hivyo mwenye 43 hupata 17. Beba pia njia ya kuondoka haraka, iwe kibao cha kusafiria au pete, na iweke mahali palepale kwenye begi siku zote ili kidole kiijue bila kutafuta.

Zulrah na Vorkath wanafaa lini?

Hawa wawili ndio mabosi mashuhuri wa mchezaji mmoja. Wote hupiganwa katika eneo lako binafsi ambako hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Vorkath ni joka lililo katika kisiwa cha Ungael, na huwezi kumuwinda mpaka umalize misheni ya Dragon Slayer II, ambayo yenyewe inadai pointi 200 za misheni. Njia ni ndefu, lakini nyara zake zinalingana vizuri na kanuni tuliyoieleza: kila anapokufa huacha mifupa miwili ya Superior dragon bones na ngozi mbili za joka la buluu, pamoja na nyara nyingine, kabla hata ya kufikiria bahati. Ana hatua ambayo humwaga sumu uwanja mzima huku akitema moto mfululizo pale ulipo, na lazima utembee bila kusimama. Kwenye skrini ya simu hatua hiyo ni ngumu kweli, na mchezaji wa simu asikate tamaa akifa mara nyingi mwanzoni.

Zulrah ni nyoka aliyetokea kwenye mchezo Januari 2015. Hubadilika rangi: wa kijani hushambulia kutoka mbali kwa Ranged, wa buluu hasa kwa Magic, na mwekundu hukodolea macho mahali uliposimama kisha hupapiga, kwa hiyo unahama. Mzunguko wake una mipangilio maalumu inayoweza kujifunzwa kwa moyo, na mwishoni kuna kipindi ambacho mashambulizi ya Ranged na Magic hupishana moja kwa moja, nawe unabadilisha kinga kila mara. Huacha magamba kati ya 100 na 299 kila anapouawa, nayo hununuliwa daima kwa sababu silaha zinazotokana naye huyatumia kama chakula. Kitu chake kimojawapo cha thamani kinaitwa Tanzanite fang, cha nafasi ya takribani 1 kwa 512, ambacho hutengenezewa Toxic blowpipe. Ndiyo, jina ni la jiwe letu la Mirerani, mkoani Manyara, na ni furaha ndogo kwa Mtanzania kuliona likitangazwa kwenye skrini na wachezaji wa nchi ambazo hazina hata punje yake.

Anayetaka hatua ya kati kabla ya hao wawili aende kwa ndugu sita wa Barrows huko Morytania. Ukiwaua wote sita, nafasi ya kupata kipande chochote cha deraya zao katika sanduku ni takribani 1 kwa 17, na kasi ya mapigano ni ya kumruhusu mtu kupumua.

Je, majoka ya kijani ya Wilderness bado yana faida?

Yana faida, kwa sharti moja. Kila joka la kijani huacha mifupa ya joka na ngozi, na vyote viwili vina wanunuzi wakati wote. Wengi wa majoka hayo, hata hivyo, wanaishi Wilderness, eneo ambalo mchezaji mwingine anaruhusiwa kukushambulia na kuchukua ulichobeba. Ukifa bila alama ya fuvu, ambayo hupewa anayeanza kumshambulia mchezaji mwenzake, unabaki na vitu 3 vya thamani zaidi. Kwa hiyo vaa vitu 3 vya maana, na vingine viwe vya bei ambayo hutaililia. Chukua Anti-dragon shield, inayotolewa bure na Duke Horacio katika ngome ya Lumbridge, maana bila kinga moto wa joka unaua haraka. Njia nyingi za kusafiri kwa uchawi hazifanyi kazi ukiwa ndani zaidi ya kiwango cha 20 cha Wilderness, kwa hiyo jua umesimama wapi kabla ya kulihitaji jambo hilo. Ukimwona mtu anakuja, ondoka. Kubishana naye ili uokoe ngozi tano si biashara.

Mtandao wangu una kasi ndogo. Je, niache mabosi?

Inategemea aina ya udhaifu wa mtandao huo. Mchezo huu haupokei amri zako mfululizo. Seva huzishughulikia kwa vipindi vya sekunde 0.6 vinavyoitwa tiki. Mawimbi ya data kutoka Dar es Salaam hupita chini ya bahari, kwa nyaya kama SEACOM iliyofika mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010, na safari ya kwenda seva za Uingereza au Ujerumani na kurudi huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Ucheleweshaji wa sekunde 0.2 usiobadilika hauleti madhara makubwa, kwa sababu bado unaingia ndani ya tiki moja, na baada ya siku chache mkono huuzoea. Kinachoua ni mtandao unaoyumba, ambao sasa hivi ni sekunde 0.2 na punde ni sekunde 1, kwani amri ya kubadilisha kinga inafika tiki moja au mbili baadaye na pigo limeshatua. Kwa hiyo kabla ya Zulrah usipime kasi ya kupakua, pima uthabiti. Pima ucheleweshaji wa seva kadhaa, kisha uchague yenye ucheleweshaji mdogo zaidi usiobadilikabadilika. Nyaya zikikatika, kama ilivyotokea Mei 2024 Afrika Mashariki, ahirisha mabosi na urudi kwa Gargoyle.

Kukatika kabisa ni suala jingine. Ukipoteza mtandao katikati ya mapigano, mhusika wako hatoweki papo hapo. Anaweza kubaki uwanjani hadi dakika nzima huku akipigwa. Fanya hesabu hii kwa kila zimwi: linaloshambulia kila baada ya tiki 4 hupiga mara 25 kwa dakika, na kama wastani wa pigo ni 3, utapoteza afya 75. Mwenye afya 60 atakufa, mwenye 90 ataokoka. Kinga ya Prayer iliyowashwa hubadilisha matokeo hayo kabisa ikiwa zimwi lina aina moja tu ya shambulio, nayo ni sababu nyingine ya kupenda mazimwi wasio na mbinu nyingi. Ukifa, mali yako kwa kawaida hubaki katika kaburi kwa dakika 15, kisha huhamishiwa ofisi ya Death, mhusika anayewakilisha kifo, ambako utaikomboa kwa ada.

Kwa mtu wa mtaa wenye mgao wa umeme, simu yenye chaji na bando la akiba ni salama kuliko kompyuta ya mezani inayotegemea ruta isiyo na betri. Usiwinde bosi ukiwa kwenye kivuko cha Kigamboni au ndani ya basi linalokimbia, ambako simu huhama mnara mmoja hadi mwingine. Ng'ombe na majitu wanatosha kwa safari hizo.

Vipi kuhusu programu za kujichezea, au kuuza sarafu kwa shilingi?

Vyote viwili vimekatazwa na kanuni za Jagex, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa akaunti moja kwa moja. Anayekupa sarafu kwa kutumiwa pesa kwenye simu anaweza pia kutoweka baada ya muamala, na huna pa kumshtaki bila kukiri kwamba na wewe ulivunja kanuni. RuneLite, programu ya kufungulia mchezo huu kwenye kompyuta, inaruhusiwa na inasaidia sana kuhesabu mapato kwa saa, mradi uipakue kutoka kwenye tovuti yake halisi.

Washa uthibitisho wa hatua mbili. Ukimpelekea fundi simu Kariakoo, ondoa akaunti kwanza. Na usiache nywila kwenye kompyuta ya intaneti kafe.

Nyara niziuze vipi?

Soko kuu ni Grand Exchange, kaskazini-magharibi mwa Varrock. Mwanachama ana nafasi 8 za kuweka bidhaa kwa wakati mmoja, na asiye mwanachama ana 3. Muuzaji hukatwa kodi, iliyoanza kwa asilimia 1 Desemba 2021 na kupandishwa hadi asilimia 2 Mei 2025, lakini kwa kitu kimoja haizidi sarafu 5,000,000, na vitu vya bei chini ya sarafu 50 havikatwi. Bei inayoonyeshwa ni mwongozo tu. Kwa kitu ghali, nunua au uza kimoja kwanza ili ujue bei halisi ya saa hiyo, kisha weka vingine. Kwa mifupa, ngozi na magamba, uza kwa mafungu kila siku. Kuyalundika benki kwa matumaini ya bei kupanda ni kamari nyingine juu ya ile ya mazimwi.

Mabadiliko ya mchezo kwa kawaida hutoka Jumatano kabla ya adhuhuri ya Uingereza, ambayo kwetu ni saa saba na nusu mchana wakati wa kiangazi chao na saa nane na nusu wakati wa baridi yao. Seva huzimwa kwa muda mfupi, na bei za vitu vilivyoguswa na mabadiliko huweza kuruka au kuanguka ndani ya saa chache. Mwenye mzigo mkubwa wa aina moja asome tangazo la siku hiyo kabla ya kuuweka sokoni, na asianze safari ndefu ya bosi ikiwa kihesabio cha kuzimwa kwa seva kimeshaonekana juu ya skrini.